Namba Tisa Aliyeondoka Kinyumenyume

Usiku wa kuamkia leo niliota nafua jezi za timu nzima ndani ya mto Pangani, na jezi namba tisa inakataa kulowa.

Nyingine zote zimelowa kwa adabu. Namba moja imelowa, namba nne imelowa, hata ile ya kapteni, ambayo kwa kawaida ina kiburi, imezama yenyewe na kutoa povu. Namba tisa naichovya, inatoka kavu kama imetoka kwenye pasi. Naichovya tena. Naipigiza kwenye jiwe. Naikalia. Kavu.

"Mama Jezi," ikaniambia, "utaumiza kiuno bure."

Sikushtuka. Nimefua jezi za Mkonge Nyota ya Korogwe miaka ishirini na miwili. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna hata moja iliyowahi kusema mapema.

"Una nini wewe?" nikaiuliza.

"Mwenye mimi hajafika kwao. Jezi hailowi kama mwenyewe bado yuko mchezoni."

"Choka? Choka si aliondoka miaka saba iliyopita?"

"Aliondoka, hakufika. Bado anatembea kinyumenyume. Wewe ndiye uliyemwambia aingie kinyumenyume. Haya, ulimwambia ageuke lini?"

Nikafikiri. Mto ukasimama kunisubiri.

"Sikumwambia," nikasema.

"Basi ndiyo hivyo. Leo saa kumi jioni anapita mlangoni kwa mama yake, kwa mgongo. Asipogeuka hatauona mlango, wala hatajua kwamba amepita, na ataendelea kurudi nyuma mpaka dunia imwishie. Na aliyemwanzisha ndiye pekee anayeweza kumsimamisha. Ndiyo sheria, sikuitunga mimi."

Hapa nieleze jambo lililotokea kweli, nikiwa macho, msije mkadhani nimeota kila kitu.

Ovidio Choque alikuja kwetu kutoka Bolivia. Wakala aliyemleta alisema ni straika hatari, na hatukuwa na sababu ya kutomwamini, maana hata yule wakala mwenyewe alionekana hatari. Jina lake hutamkwa Choke. Mashabiki wa Korogwe walilimaliza jina hilo kabla ya mazoezi ya kwanza: Choka. "Choka, vipi, umechoka?" Naye anatabasamu, anainua dole gumba, anasema, "Mechoka sana, rafiki," akidhani ni salamu.

Hakujua Kiswahili, nasi hatukujua Kihispania, kwa hiyo mkalimani wa klabu nikawa mimi, kwa mikono. Kumwambia ale, najifanya nakula. Kumwambia alale, najilaza kwenye nyasi. Alifuatisha kila nilichofanya. Ukimfanyia kitu Choka mara moja, amekishika.

Mechi yake ya kwanza tulicheza na Chungwa United ya Muheza. Asubuhi Mzee Kaniki wa kamati ya ufundi akaja akiwa amevaa kanzu na miwani ya jua, akasema Muheza wamefukia kitu getini. Kwa hiyo wachezaji wote wataingia uwanjani kinyumenyume, ili hicho kitu kidhani wanatoka. Vijana wetu wamelizoea hilo toka utotoni: unarudi nyuma mpaka mstari wa pembeni, halafu unageuka, unacheza mpira wako. Choka hakujua. Nikamshika mkono, nikamwonyesha, tukarudi nyuma wote wawili, bega kwa bega, hatua kwa hatua. Tulipokaribia mstari nikaitwa. Beki wa kushoto amesahau soksi. Nikamwachia mkono, nikakimbia.

Dakika tisini alicheza akiwa ameipa goli la Muheza mgongo.

Kocha Shemhilu alikunja mikono akasema, "Mwacheni, ndio mtindo wa kwao." Na nani pale Korogwe angebisha kuhusu mtindo wa Bolivia? Choka naye akadhani ndio mtindo wetu. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini kila mtu aliona haya kuuliza. Watu wazima tukaheshimiana hivyo msimu mzima. Mechi kumi na nane, bao sifuri.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mechi ya tatu shabiki mmoja alimletea jembe kweli, jipya, na mpini wake. Uwanja mzima ukacheka. Choka akalipokea kwa mikono miwili, akaliinamia, na kesho yake akalima tuta la viazi nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo. Kwa joto la Korogwe viazi navyo havikufunga bao.

Lakini niwaambie kitu ambacho hakimo kwenye takwimu. Katika miaka ishirini na miwili, ni yeye peke yake aliyegeuza soksi zake kabla ya kuniletea. Wengine huniletea soksi zimejiviringa kama maandazi, ukizikunjua unatoka mchanga, majani, na siri za mtu. Zake zilikuja zimenyooka, mbilimbili. Nilimpenda kwa hilo. Mwingine ampende kwa mabao.

Siku aliyoondoka sikwenda kumuaga. Nilikuwa na jezi za kesho.

Sasa turudi mtoni.

Naikung'uta namba tisa, naitia kwapani, natoka kwenye maji. Mguu wa kwanza unakanyaga ukingo wa mto, wa pili unakanyaga uwanja wetu wa nyumbani. Hakuna watu. Liko benchi la akiba tu, limesimama katikati ya duara, linanyoosha miguu.

"Panda," likasema. "Tunachelewa."

"Na wewe unamjua?"

"Nimjue mara ngapi? Katika zile mechi kumi na nane, kumi na moja alimalizia kwangu. Mtu mwepesi. Hakunichora jina, hakubandika ubani wa kutafuna chini yangu. Kila akiinuka alinipangusa."

Nikapanda. Benchi likaanza kwa kutembea, likachanganya mwendo, likakimbia kama punda aliyesikia habari za nyumbani.

Tunafuata nyayo zake. Ziko wazi kabisa kwenye udongo mwekundu, lakini vidole vyote vinatutazama sisi.

"Ndiyo maana hakutafutwa," jezi ikasema kwapani mwangu. "Kila aliyeziona nyayo alisema, ah, kumbe anarudi."

Mimi najua watu wanaoondoka. Mume wangu aliondoka kwa mbele, haraka, hata mlango hakuurudishia, na kwa mwendo ule nina hakika alifika. Huyu aliondoka anatutazama. Miaka saba anatutazama, Korogwe inazidi kuwa ndogo machoni pake, na sisi hata mkono hatujampungia.

"Bahari hiyo," nikaliambia benchi.

"Imefungwa kwa ukarabati," likajibu. "Tunapita juu ya nyasi bandia."

Kweli. Bahari yote imetandikwa nyasi bandia, na papa wawili wamekaa pembeni na vifyekeo, wanasubiri ziote.

Upande wa pili kuna baridi. Ni mji ambao Choka alichezea kabla ya kuja kwetu. Jina la mji sikulisoma kwa sababu kibao chake kilikuwa kimeganda. Uwanja ni mweupe, umefunikwa na theluji, na kando yake amesimama mwanamke mnene, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. Nikamjua papo hapo. Mikono ile ni ya sabuni.

"Wewe ndiye Mama Jezi wa huku," nikamwambia.

"Naitwa Torhild," akasema. "Unamtafuta yule wa soksi?"

"Huyo huyo."

"Huku alicheza mechi tisa. Bao sifuri. Lakini zile soksi, dada yangu..." Akashindwa kuendelea. Nami nikashindwa. Tukasimama pale wafuaji wawili, tukaheshimu soksi kwa dakika moja.

"Huku nako mlimwingiza kinyumenyume?" nikauliza, kidogo kwa matumaini.

"Hapana. Huku tulimwambia mpira uko chini ya theluji, autafute. Akachimba nusu yote ya kwanza. Alipoupata, refa akapuliza mapumziko."

"Hakulalamika?"

"Alisema samahani."

Wakati huo huo namwona. Yuko ng'ambo ya uwanja, anavuka theluji kwa mgongo, kifua wazi kwenye baridi ile, uso umeelekea kwetu. Nywele zimeanza mvi pembeni. Tabasamu ni lile lile la mtu anayesubiri kufundishwa.

"Mama Hezi!" akaita. Ile herufi hakuwahi kuiweza.

Nikafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya. Nikainua mikono yote miwili, nikaizungusha moja juu ya nyingine: geuka, baba, geuka.

Theluji ikapasuka, akatoka mwamuzi wa akiba na kibao chake. Akakiinua juu. Namba tisa, nyekundu.

Choka akakiona kibao. Tabasamu likashuka. Hakubisha, hakurusha mikono. Akawapigia makofi mashabiki, waliokuwa watatu, na mmoja alikuwa sanamu ya theluji. Halafu akaongeza mwendo, kwa mgongo, mbio kabisa, maana mchezaji anayetolewa akichelewesha muda anapewa kadi, na Choka hajawahi kupewa kadi maishani mwake.

"Umemtoa," Torhild akasema.

"Sikumtoa! Nimemwambia ageuke!"

"Kwa mikono hiyo umemtoa. Mechi ngapi alitolewa huko kwenu?"

"Kumi na moja," benchi likajibu kabla yangu. Benchi halina siri.

Nikaikalia aibu yangu kidogo. Ikawa baridi, nikainuka.

"Saa ngapi?" nikauliza.

"Tisa na nusu," jezi ikasema. "Na mwendo umemwongezea mwenyewe."

Benchi likajaribu kuondoka, lakini miguu yake miwili ya nyuma imeshikana na barafu. Likaniambia niendelee, lenyewe limezoea kubaki. Torhild akanisukuma ndani ya chumba chake cha kufulia. "Mlango wa nyuma," akasema, "ule wa kutolea maji machafu. Na ukimkuta mwambie glavu zake ziko hapa, zimekauka."

Nikafungua mlango wa kutolea maji machafu, nikatokea Bolivia.

Sijawahi kuona nchi nyeupe namna ile. Ni uwanda wa chumvi, tambarare, hauna mti wala jiwe, mbingu zimekuja chini kuutazama. Nikavuta pumzi, haikuja. Nikavuta tena.

"Vuta kidogo," sauti ikasema. "Hewa ya huku ni ya zamu. Sasa hivi ni zamu ya mbuzi."

Aliyesema ni lama, mnyama wa huko, mwenye shingo ndefu na macho ya karani wa mahakama. Amebeba kibendera mdomoni. Ndiye mshika kibendera wa uwanja ule.

"Uwanja uko wapi?" nikamuuliza, zamu yangu ya hewa ilipofika.

"Umesimama ndani yake. Mistari imechorwa kwa chokaa."

"Juu ya chumvi? Nani anaiona?"

"Hakuna anayeiona. Ndiyo maana hatugombani."

Jezi ikajitoa kwapani mwangu, ikajikunja vizuri, mikono ndani, ikajilaza chini. Ikasema yenyewe inaishia hapo, hewa haiitoshi, na mengine ni yangu. Nikaiacha.

Mbele, kama umbali wa kutoka kona hadi kona, kuna mlango. Nyumba hamna. Ni miimo miwili na kizingiti cha juu, vimesimama wenyewe kwenye weupe. Mlangoni amesimama mama mfupi, amevaa sketi nne au tano moja juu ya nyingine, na kofia ndogo nyeusi ya duara iliyokaa kichwani bila kushikwa na chochote. Shingoni ana redio imening'inia kwa kamba. Mikono ameitanua kama kipa.

Nikamsalimu kwa mbali. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemwambia?"

Sikuwa na pa kujificha. Nchi yenyewe haina hata kichaka. "Ndiye mimi, mama. Nilikuwa nimeitwa kwenye soksi."

"Kazi ni kazi," akasema. "Mimi nimemwita tangu asubuhi. Ananisikia. Anaitika, 'Naam, mama,' lakini anaitikia upande wa Korogwe."

Na kweli, namsikia. "Naam, mama!" Anakuja. Amekwishatupita pembeni tulipokuwa tunajulishana na lama, na sasa anarudi nyuma kuelekea mlangoni. Ila haendi mlangoni. Anakwenda kando yake kidogo.

Redio ya mama ikaanza kutangaza. "Choque anakaribia eneo la hatari! Bado ameupa mgongo! Anakwenda, anakwenda... jamani, kwa mwelekeo huu anapita nje ya mwamba, hatua tatu tu!"

Saa kumi kasoro dakika nne.

Nakimbia. Nimemfikia, nakimbia mbele ya uso wake, yeye anarudi nyuma, mimi namfuata, kama tunacheza rumba na hakuna aliyetualika.

"Mama Hezi!" Macho yanang'aa. "Korogwe nzima? Kocha nzima?"

"Wazima wote! Geuka!"

"Ge-u-ka," akarudia, polepole, kama alivyofanya kila nilipomfundisha neno. "Geuka. Neno nzuri."

"Siyo kulisema! Lifanye!"

"Naona nyinyi kila siku," akasema. "Korogwe dogo sasa. Dogo kama kifungo. Lakini naona." Akainua dole gumba. "Wewe sema hivi." Akaonyesha miguu yake inayorudi. "Mimi sijaacha. Miaka saba. Sijaacha hata kidogo, Mama Hezi."

Akanitazama kama mchezaji anayemtazama kocha baada ya mazoezi, anasubiri aambiwe vizuri.

Nimepigwa na mambo mengi maishani. Nimefukuzwa nyumba mara mbili, nimezika, nimeachwa. Hakuna kilichowahi kunichoma kama dole gumba lile.

"Umefanya vizuri," nikamwambia. "Vizuri sana, baba."

"Hatua ishirini!" redio ikalia. "Nje ya mwamba! Nje ya mwamba!"

Neno hajui maana yake. Mikono nayo, nikizungusha tena lama ataleta kibao. Nikabaki na nini? Nikabaki na kile tulichoanza nacho. Choka hafanyi unachosema. Anafanya unachofanya.

Nikajua la kufanya, na sikulitaka. Kwetu humpi mtu mgongo anapokusalimia. Ni dharau, hata mtoto anajua. Na huyu amevuka dunia kwa mgongo ili asitupe sisi mgongo. Tena nikigeuka sitamwona. Kama hatafuatisha, atapita, na jambo la mwisho atakaloliona kutoka Korogwe litakuwa kisogo cha Mama Jezi.

"Hatua nane!"

Nikamshika mkono, kama siku ile getini. Nikatembea naye hatua mbili, tatu, bega kwa bega, kinyumenyume wote wawili. Akacheka, ameikumbuka. Nikasimama. Nikanyoosha kidole kwenye macho yangu mwenyewe: tazama hapa, fuatisha. Akaitikia kwa kichwa, makini kabisa.

Nikamwachia mkono, nikampa mgongo.

Mbele yangu hakuna kitu. Weupe, na mbali kabisa kitu kidogo kama kifungo. Nimesimama. Nasikiliza.

Anayetembea kinyumenyume juu ya chumvi, vidole hutangulia kugusa, kisha kisigino. Sauti yake ni kwaru-tu, kwaru-tu. Nimeisikia njia nzima, naijua. Naisikia sasa nyuma yangu. Kwaru-tu.

Ikanyamaza.

Redio nayo ikaanza kukoroma, si maneno tena, ni mvumo tu. Lama hatafuni. Nadhani ilikuwa zamu yangu ya hewa na sikuitumia.

Nikataka kuchungulia. Shingo ikaanza yenyewe. Nikaishika kwa mikono miwili nikairudisha. Kama nikigeuka, naye atageuka tena.

Halafu nikamsikia yule mama akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umekonda."

Mama hakiambii kisogo hivyo. Neno lile huambiwa uso.

Nikasikia sketi tano zikisogea, mtu akivuta kamasi, na kofia ikidondoka chini. Redio ikapata nguvu, ikasema taratibu, kama mtu anayesoma tangazo la serikali, "Mtu wote amevuka mstari. Bao limekubaliwa. Dakika ya mwisho, straika Ovidio Choque." Lama akatema kibendera.

Sikushangilia. Machozi yaliniteremka nikiwa nimesimama wima, mikono ubavuni, kama ninayeimba wimbo wa taifa.

Hatua zikaja. Tu-kwaru, tu-kwaru. Kisigino kwanza, vidole baadaye. Mtu anayekuja kwa mbele. Zikasimama nyuma yangu. Kiganja kikanigonga mgongoni, mara moja, kizito, kama wachezaji wanavyomgonga mwenzao anayeingia, kikabaki pale.

"Mama Hezi," akasema. "Geuka."

Nikageuka, nikaukuta ukuta.

Ukuta wa chumba changu, wenye rangi ya kijani niliyopaka mwenyewe. Jua limeshaingia. Nimelala ubavu, gauni la kulalia limenisokota, koo limekauka kama niliyeshangilia fainali. Nikakaa kitandani kidogo nikijicheka. Mtu mzima, nafukuzana na mchezaji wa zamani mpaka Bolivia, tena bila kiingilio.

Hodi ikapigwa. Mama Mbonea, jirani yangu wa ukuta mmoja, hasubiri karibu. Akishapiga hodi ameshaingia.

"Wewe mwanamke," akasema, "usiku kucha geuka, geuka! Mume wangu amegeuka mpaka ameanguka kitandani."

"Mpe pole."

"Hataki pole. Anasema ukiota tena, ota unamwambia mtu atulie."

"Nitajitahidi, shoga. Kaa, niteke maji tunywe chai."

Nikainama kuchukua ndoo.

"Simama hapo hapo," akasema.

"Nini, mdudu?"

"Simama nimekwambia. Una kiganja mgongoni."

"Kiganja gani?"

"Kiganja cha mtu. Cheupe, vidole vitano, kipana hivi." Akakipima kwa chake, nikasikia vidole vyake vikipotea ndani ya kile kingine. "Hiki cha mwanamume. Haya, leo utanieleza. Umelala na mpaka rangi wa wapi?"

"Nimelala peke yangu, kama kawaida ya nchi hii."

"Mh." Akasogea, akakwaruza kidogo kwa ukucha. Vilianguka vipunje sakafuni, vikafanya sauti ndogo. Akakiweka kidole mdomoni. Mama Mbonea huonja kila kitu.

"Chumvi," akasema.

Nilishika ndoo tu.

"Nikupanguse?"

"Acha."

"Sasa ni cha nani?"

"Cha straika."

Akalamba kidole mara ya pili, taratibu, kama anayeonja mchuzi wa nyumba nyingine.

"Ametoka mbali huyo," akasema.